Maswali ya Karakana: Vumbi la Mbao Litolewe Vipi?

Safu ya toleo hili tumeiachia vumbi. Ili tuelewane tangu mwanzo: "feni ya vumbi" ni ile mashine yenye mota, mapanga ndani ya nyumba ya bati, na mifuko miwili, mmoja juu na mmoja chini. Inavuta hewa nyingi kwa mvuto mdogo. "Vakyumu" ni ile ya tangi na mpira mwembamba. Inavuta hewa kidogo kwa mvuto mkubwa. Hela nyingi za mafundi hupotea kwa kumpa mmoja kazi ya mwenzake.

Nina banda la mita 4 kwa 7. Ndani kuna msumeno wa meza wa inchi 10 uliochomelewa hapa hapa mtaani, thiknesa (mashine ya kuranda ubao uwe na unene mmoja) ya inchi 12 na mashine ya msasa ya mkono. Muuzaji ananiambia feni ya vumbi ya hp 1 (nguvu ya farasi moja) inatosha, mwenzangu anasema nichukue ya hp 3. Nimsikilize nani?
*Seremala, Keko, Dar es Salaam*

Ndugu, wote wawili wanahesabu mota, na kinachobeba vumbi ni hewa. Anza na mashine yako inayodai hewa nyingi kuliko zote, yaani thiknesa. Ya inchi 12 inataka kama mita za ujazo 900 kwa saa ili maranda yaondoke kabla hayajadondoka tena juu ya ubao. Hewa ikipungua, rola ya kutolea inayakandamiza, na ubao unatoka una vishimo vidogo vidogo. Mafundi wengi wakiviona wanakimbilia kunoa visu, na visu havina kosa.

Msumeno wa meza utaridhika na mita za ujazo 600 hadi 700 kwa saa chini ya meza. Mashine ya msasa ya mkono usiihesabu hapa kabisa, hiyo ni kazi ya vakyumu.

Sasa linganisha. Feni ya hp 1 yenye mdomo wa inchi 4, ikishafungwa mpira wa mita 3 na mfuko uliokwisha kutumika, inabaki na kama 500. Ya hp 2 yenye mdomo wa inchi 5 au 6 inakupa 1,000 hadi 1,200. Ya hp 3 ni nzuri, ila itakulazimisha kununua bomba pana kila mahali na waya mnene zaidi, wakati unaendesha mashine moja moja. Kwa banda lako chukua ya hp 2.

Namba ya hewa iliyoandikwa kwenye boksi isikutie tamaa. Imepimwa feni ikiwa tupu, bila mpira wala mfuko, kwa hiyo ipunguze kwa theluthi hadi nusu. Badala yake omba ufunguliwe kifuniko upime mapanga kwa futi. Ya hp 2 yawe na kipenyo cha inchi 12 au zaidi, na yawe ya chuma. Ukikuta inchi 9 au 10, hiyo ni hp 1 iliyobandikwa stika.

Kuhusu mfuko wa juu: mifuko ya bei rahisi ina matundu ya mikroni 30 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Inashika maranda, halafu vumbi laini, lile linalofika mapafuni, inalipuliza usawa wa pua yako. Ushauri wa Ulaya na Marekani unasema nunua chujio la mikroni 1, na hapo unatoa hela karibu na bei ya feni nyingine. Lakini wenzetu kule wanalazimika kuirudisha hewa ndani kwa sababu wameilipia joto. Wewe hapo Keko hewa ya ndani hujailipia chochote. Weka feni nje ya ukuta, chini ya paa dogo lisilopitisha mvua, na ndani uingize bomba tu. Hela ya chujio iingie kwenye bomba na kwenye boksi la msumeno. Mfuko usinyeshewe, maana ukilowa unaziba na kuota ukungu. Kama ukuta wako unatazama dirisha la mtu, soma jibu la mwisho kwanza.

Hilo boksi la msumeno ndilo lenye faida kuliko yote. Misumeno ya kuchomelea ina miguu ya angle line na chini ni wazi kabisa, kwa hiyo ukining'iniza bomba chini ya meza utavuta hewa ya banda zima na vumbi litabaki. Mvuto hufa haraka sana kadiri unavyokwenda mbali: inchi 4 tu kutoka mdomo wa bomba la inchi 4, kasi ya hewa imebaki kama sehemu moja kati ya kumi. Tengeneza boksi la plywood ya milimita 9 linalolizunguka jembe la msumeno, yaani ile diski yenye meno, pembeni liache nafasi ya sentimita 3 hadi 5, na sakafu yake iwe ya mteremko wa nyuzi 45 kuelekea tundu la bomba. Liwe na mlango mdogo wa kubadilishia jembe. Wala usilizibe kabisa, kwani hewa isipopata pa kuingilia haina cha kubeba vumbi. Mwanya wa jembe kwenye meza hautoshi. Acha tundu la ziada upande wa mbele, kama sentimita 5 kwa 10.

Feni ninayo, ya hp 2, mdomo inchi 6. Fundi bomba amenishauri njia kuu iwe bomba la inchi 6 na matawi ya inchi 4 kwenda kwenye mashine nne. Je, PVC ya maji taka inafaa, au italipuka kwa umeme wa msuguano kama wanavyosema?
*Fundi fanicha, Gikomba, Nairobi*

Inafaa, na ndiyo inayopatikana. Tatizo liko kwenye mpangilio aliokupa.

Maranda makavu yanahitaji hewa iende kama mita 20 kwa sekunde ndani ya bomba, vinginevyo yanalala. Kwa kasi hiyo, bomba la milimita 100 linapitisha mita za ujazo 565 kwa saa, la 125 linapitisha 880, na la 150 linapitisha kama 1,270. Ukifungua tawi moja la inchi 4 na mengine yote yakiwa yamefungwa, zile 565 zikiingia kwenye njia kuu ya inchi 6 kasi yake inashuka hadi mita 9. Hapo maranda yanatua. Hutayaona kwa wiki mbili au tatu, kisha siku moja mvuto umekufa na bomba limejaa nusu yake kwa urefu wote.

Una njia mbili. Ya kwanza: endesha inchi 6 mpaka kwenye mashine yenyewe, na mdomo wa mashine uupanue. Ya pili, kama hutaki kuikata mashine: kila unapotumia tawi la inchi 4, fungua na la pili. Kasi ya njia kuu inarudi karibu mita 18, na maranda yanasafiri. Fundi akitumia inchi 4 peke yake kuanzia kwenye feni hadi mwisho, bomba litajisafisha vizuri, ila thiknesa itabaki na njaa.

Kona ya nyuzi 90 ya inchi 4 inakula mvuto kama mita 1.8 za bomba lililonyooka. Tumia mbili za nyuzi 45 zenye kipande kifupi katikati. Usiweke kabisa tii ya mraba. Weka kiungo cha Y, na mkono wake uegemee kule feni iliko, kama kijito kinavyoingia mtoni. Mpira wa mikunjo unakula mara mbili hadi tatu ya bomba laini, kwa hiyo usizidi mita 1 mwishoni mwa kila tawi. Unganisha kwa tepu au silikoni badala ya gundi, maana ipo siku utataka kufungua. Skrubu ndefu usitumie: ncha yake ndani ya bomba inanasa uzi mmoja wa randa, na huo unakusanya wenzake.

Bomba la maji taka la "inchi 4" lina milimita 110 kwa nje, na mpira wa feni ni wa 100. Kipande cha tyubu ya gari na klipu mbili vinamaliza ubishi huo.

Umeme wa msuguano: utapigwa vishoto vidogo, hasa hewa ikiwa kavu. Mlipuko unahitaji vumbi zito hewani, makumi ya gramu kwa kila mita ya ujazo, na ndani ya bomba la karakana ndogo inayofanya kazi vizuri hufiki huko. Kama vishoto vinakuudhi, zungusha waya mtupu wa shaba juu ya bomba na uufunge kwenye mwili wa feni na kwenye ethi. Moto unaotokea kweli unaanzia kwingine: cheche. Msumari uliogongwa na jembe la msumeno, au jiwe la kunolea lililounganishwa kwenye bomba lile lile. Cheche hiyo inakaa ndani ya mfuko wa maranda ikifuka polepole mpaka usiku, mmeshafunga. Jiwe la kunolea lisiguse mfumo huu, na vitambaa vyenye mafuta ya linsidi visitupwe kwenye pipa la maranda, maana hupata moto vyenyewe.

Tumehamishia mashine kwenye jengo jipya lenye umeme wa fezi tatu. Feni inazunguka, inavuta, lakini kidogo sana. Mfuko ni mpya, bomba ni safi.
*Karakana ya vijana, Morogoro*

Inazunguka kinyume. Feni ya aina hii ikizungushwa kinyume haipulizi kurudi nyuma. Inaendelea kuvuta, kwa unyonge, ndiyo maana watu wanazunguka nayo wiki nzima. Zima, tazama mapanga yakielekea kusimama, linganisha na mshale uliopigwa kwenye nyumba ya feni. Kama ni kinyume, fundi umeme abadilishane waya wa fezi mbili zozote. Ni kazi ya dakika tano.

Nimesikia pipa likitangulia mbele ya feni, maranda yanadondokea humo na mfuko hauzibi. Linatengenezwaje? Mimi ni mwanamke seremala, chuma sina ujuzi nacho.
*Mama fundi, Arusha*

Mama, huhitaji kuchomelea. Tafuta pipa la chuma la lita 200, la mafuta, siyo la kemikali. Kifuniko ukikate kwa plywood ya milimita 18, ukingoni gundisha raba ya mlango wa gari ili hewa isipite.

Kwenye kifuniko ingiza mabomba mawili ya inchi 4. La kutokea, linalokwenda kwenye feni, lipite katikati kabisa, na lishuke ndani sentimita 5 hivi. La kuingilia liwe pembeni, na chini ya kifuniko liwekewe kona inayoelekeza hewa kulamba ukuta wa pipa, ili izunguke. Hiyo kona inakula mvuto kidogo, lakini ndiyo inayofanya kazi yote.

Chini ya kona ning'iniza sahani ya plywood kwa bolti tatu ndefu zenye uzi. Sahani iwe na kipenyo sawa na cha ndani ya pipa, kisha ukingoni mwake kata mwanya wa milimita 28 hadi 30 unaozunguka nyuzi 240, yaani theluthi mbili ya duara. Theluthi isiyokatwa ikae chini ya mdomo wa kuingilia. Maranda yanasukumwa ukutani na mzunguko, yanapita kwenye mwanya na kulala chini. Hewa haina nguvu ya kuyainua tena kwa sababu sahani imeyaziba. Mwanya ukiuzidisha, hewa inashuka nayo na kuyachota.

Makosa tunayoyaona: pipa kuachwa lijae hadi usawa wa sahani, na kuanzia hapo kila kitu kinakwenda kwenye mfuko kana kwamba pipa halipo. Toboa kidirisha cha plastiki ngumu ubavuni uone kiwango, na umwage likifika robo tatu. Kosa la pili ni uvujaji chini ya sahani. Tundu la msumari tu kwenye pipa linapuliza maranda juu. Pitisha kiganja kwenye kila kiungo feni ikiwa inavuta.

Pipa la plastiki ni sawa kwa feni. Kwa vakyumu, mpira ukiziba litajikunja kama kopo la juisi, kwa hiyo tumia ndoo nene ya lita 20.

Pipa linakupunguzia mvuto kiasi. Kama feni yako ni ya hp 1, liweke kwa ajili ya msumeno tu.

Natengeneza makabati ya jikoni kwa MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi). Feni ya vumbi ninayo lakini mashine ya msasa na rauta (ile ya mkono ya kuchonga kingo na mifereji) bado zinajaza chumba. Barakoa ya kitambaa inatosha?
*Mwenye karakana, Mombasa*

Barakoa ya kitambaa haitoshi kabisa. Vumbi linalodhuru lina mikroni chini ya 10, na unywele wa binadamu una kama 70. Hulioni, na kwenye chumba kisicho na upepo linaelea kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1, la visababishi vya uhakika vya saratani, mwaka 1995. MDF ina gundi ya fomaldehaidi, nayo iko kundi hilo hilo. Mninga, mvule na msaji vina tabia zao za ziada, kuwasha ngozi na kubana kifua, na anayeanza kubanwa na mninga kwa kawaida haizoei, hali inazidi.

Barakoa iwe FFP2, inayozuia asilimia 94, au FFP3, asilimia 99. Ndevu zikipita kwenye ukingo wake, kazi yote inavuja pale.

Mashine za mkono zina matundu ya kutolea ya milimita 27 hadi 35. Feni ya vumbi haina mvuto wa kupitisha hewa kwenye tundu hilo, hata iwe ya hp 3. Unganisha vakyumu. Msasa uwe wenye matundu, na matundu yalingane na ya sahani ya mashine. Ukibandika msasa mzima usio na matundu, au umepinda kidogo, vumbi linabaki chini yake, linaziba msasa, na unafikiri msasa ni feki. Ndani ya vakyumu weka mfuko, na chujio liwe la HEPA, lile linaloshika vumbi laini kabisa. Chujio la sifongo linapitisha vumbi la MDF kama chungio la chai linavyopitisha maji. Mbele ya vakyumu weka ndoo ya kutangulia, maana MDF huziba mfuko mpya ndani ya siku moja.

Mota ya vakyumu ni ya brashi za kaboni. Haikutengenezwa kunguruma kutwa. Tafuta brashi za akiba kabla hazijaisha.

Kompresa isitumike kupulizia nguo na meza. Unarudisha hewani kila ulichokishika. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa.

Kaka yangu yuko Minneapolis, anataka kunitumia feni ya vumbi iliyotumika, hp 1.5. Nikinunua transfoma itafanya kazi?
*Msomaji, Moshi*

Transfoma inarekebisha volti tu. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, wetu ni wa 50, na mota ya aina hii inafuata hezi. Iliyokuwa inazunguka mara 3,450 kwa dakika itazunguka kama 2,850. Hewa inapungua kwa sehemu moja ya sita, mvuto unapungua kwa karibu theluthi, na mota inapata joto zaidi ya ilivyozoea. Mwambie kaka akutumie mpira, klipu na vichujio, ambavyo ni vyepesi. Feni nunua huku.

Ukinunua, iwe na laini yake yenye waya wa milimita za mraba 2.5 na sakiti breka yake. Washa feni kwanza, isubiri ifikie kasi, ndipo uwashe msumeno, kwa sababu mota ikianza hunywa mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida. Ekstensheni nyembamba ya mita 20 imeunguza mota nyingi kuliko vumbi.

Shikamooni wahariri. Feni yangu inatoa hewa nje, na jirani analalamika. Pia wafugaji wa kuku wanataka kununua maranda yangu yote. Niwauzie?
*Kijana seremala, Mwanza*

Marahaba. Jirani ana haki. Hewa inayotoka bila mfuko ina lile vumbi laini, na kwake halina tofauti na moshi. Weka pipa la kutangulia, kisha mfuko wa mikroni 1 huko huko nje. Kati ya feni na mfuko toboa tundu dogo, ingiza mpira mwembamba wa kuonekana ndani, ukunje kama herufi U na utie maji yenye rangi. Siku mfuko ukiwa safi, tia alama tofauti ya maji kati ya pande mbili. Tofauti ikifika mara mbili ya alama, kung'uta mfuko. Ukiona imeshuka badala ya kupanda, usihangaike na mfuko: bomba la kuingilia limeziba, au mfuko umetoboka.

Maranda ya thiknesa yanawafaa kuku, mradi yawe makubwa na makavu. Unga wa msumeno usiwauzie, vifaranga wanaula na unawajaa kifuani. Ya MDF na ya paini iliyotiwa dawa, ile ya kijani, yasiende bandani wala jikoni. Hapo ndipo mapipa mawili yanapojilipia: moja kwa thiknesa, la kuuza, na moja kwa msumeno na msasa. Badilisha mpira kutoka pipa hadi pipa unapobadilisha mashine, na andika kwa rangi kubwa ubavuni lipi ni la kuku.